Uzi: Tunavyojikaza bila kujua kwenye kazi za kila siku, kuanzia ndoo ya maji hadi mzigo wa mlimani

#1 Mgumu wa Rau (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kabla hujaendelea kusoma, usirekebishe kitu. Baki hivyo hivyo ulivyo, halafu jikague. Meno ya juu na ya chini yamegusana? Ulimi umeubana kwenye kaakaa? Mkono usioshika simu unafanya nini? Bega lipi liko karibu zaidi na sikio? Pumzi inatoka, au umeishikilia tu?

Nauliza kwa sababu kazi yangu ni kutazama watu wakitembea. Nilianza mlimani Kilimanjaro kama mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni, njia za Machame na Marangu, sasa naongoza wageni. Ukiwa mwongozaji, muda mwingi unaangalia migongo ya watu. Unakuta wagumu wawili wana mzigo sawa, kilo 20 zilizopimwa getini, umri unakaribiana, wamekula ugali wa sufuria moja. Mmoja anafika kambini anapiga stori huku anasimamisha hema. Mwenzake amekaa juu ya jiwe, shingo imekakamaa, akiitwa anageuka mwili mzima.

Yule wa pili utamtambua tangu msituni. Ngumi amekunja, taya amebana, vidole vya miguu vimejikunja ndani ya buti, na kila akipanda jiwe anazuia pumzi. Yaani anabeba mzigo kwa uso na kwa ngumi, viungo ambavyo havina kazi yoyote pale. Mkongwe mzigo wake uko shingoni, mgongoni na miguuni, basi. Mkono mmoja unagusa mzigo kidogo tu, mwingine unaning'inia. Uso umelegea mpaka mgeni anauliza kama anaumwa.

Kinachotokea mwilini si uchawi. Misuli mingi inafanya kazi kwa jozi: mmoja unakunja kiwiko, wa pili unakinyoosha. Ukiwa na wasiwasi, yote inavuta kwa pamoja. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili: mlango uko palepale, jasho linawatoka wote. Na msuli uliobanwa muda mrefu, hata kwa nguvu ndogo, unaminya mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Ndiyo maana bega linawaka moto jioni wakati kutwa nzima hujanyanyua kitu kizito kuliko simu. Kichwa peke yake kina kilo 5 hivi. Kikining'inia mbele, misuli ya kisogo ndiyo inayokishikilia, saa baada ya saa.

Shida ni kwamba mwenyewe husikii. Ndani ya misuli, kano na viungo kuna vipokezi vinavyoueleza ubongo mkono uko wapi na umevutwa kiasi gani. Hisia hiyo Charles Sherrington, Mwingereza aliyekuja kupata Nobel mwaka 1932, aliipa jina la kitaalamu mwaka 1906. Lakini ubongo unazoea. Jambo lisilobadilika linaacha kutangazwa. Mtu aliyekunja mabega tangu sekondari anayaona mabega hayo ndiyo ya kawaida, na ukimshushia mahali pake atakwambia umempinda.

Hilo la mwisho kuna mtu alilihangaikia kweli kweli. F. M. Alexander, mzaliwa wa Tasmania, Australia, mwaka 1869, alikuwa anatumbuiza jukwaani kwa kukariri mashairi na tamthilia. Sauti ikawa inakauka katikati ya onyesho. Madaktari wakamwambia apumzike. Akipumzika inarudi, akipanda jukwaani inakwenda. Akaona basi, kuna kitu anakifanya mwenyewe pale anapoanza kutamka. Akajitazama kwenye vioo, akagundua anavuta kichwa nyuma na kukandamiza koo kabla hata ya neno la kwanza. Alipojaribu kujirekebisha, alihisi amefaulu, ila kioo kikamwonyesha bado anafanya vilevile, pengine zaidi. Njia aliyoitengeneza kutokana na hapo alihamia nayo London mwaka 1904, na inafundishwa hadi leo.

Mimi nilichokichukua kwake ni kimoja tu: kujikaza kunaanza kabla ya tendo, pale unapolifikiria. Mwangalie mtu anayetaka kuinua ndoo ya lita 20. Ndoo bado iko chini na mabega yameshapanda, pumzi imeshakatwa. Kwa hiyo mahali pa kujilegeza ni hapohapo, ile nusu sekunde kabla ya kuinua. Kulala chali jioni na kusema "sasa napumzika" si kubaya, lakini kesho kwenye ndoo utarudia yaleyale.

Ninavyowaelekeza wagumu wapya: kabla hujanyanyua, simama. Toa pumzi nje, usivute. Acha taya lidondoke, midomo unaweza kuifunga. Sikia nyayo zimekanyaga wapi, kisigino au vidole. Usishushe mabega kwa nguvu, maana hiyo nayo ni kazi nyingine. Acha tu kuyashikilia. Halafu inua. Ukisahau, hakuna kesi, jiwe lingine liko mbele.

Nawakaribisha mafundi, akina mama, madereva, watu wa boda. Kila mtu ataje kazi yake na sehemu ya mwili anayoibana. Wataalamu wa tiba mkiwepo mturekebishe.

#2 Binti Njoro

Taya. Nilikuwa nimeuma meno kabisa kama nagombana na mtu. Endelea mwongozaji, nimekaa mbele.

#3 Mzee wa Kihamba

Vijana mna muda. Marehemu mama yangu kule Kibosho alibeba majani ya ng'ombe kichwani tangu usichana hadi uzee, na hakufundishwa na mtu wa Tasmania. Fanyeni kazi, mwili utazoea wenyewe.

#4 Mgumu wa Rau

Shikamoo mzee wangu. Unaniunga mkono bila kutaka. Mwaka 1986 watafiti wakiwemo Maloiy wa Nairobi na Norman Heglund walichapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kenya, Wakikuyu na Wajaluo, waliozoea kubeba mizigo. Walipima hewa ya oksijeni wanayoitumia wakitembea. Mpaka mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi hayakuongezeka hata kidogo. Mwanamke wa kilo 60 anabeba kilo 12 kama vile hana kitu. Mwaka 1995 wakaeleza sababu: mwendo wao unaposhuka na kupanda kwa kila hatua unarudisha nguvu nyingi ambayo sisi wengine tunaipoteza njiani.

Sasa mzee, mama hakwenda darasani, sawa, lakini alianza na kibuyu kidogo akiwa mtoto, akapanda taratibu. Huyu wangu anayekuja kuomba kazi ya mlima alikuwa anauza vocha stendi. Shingo yake haikupata shule ile.

#5 Mazoezi Tiba

Niko kwenye fani ya mazoezi tiba hapa hapa Moshi, nimeona uzi umekaa vizuri. Niongeze machache.

Ule utafiti wa Kenya ni kweli, ila usifanywe sifa ya kila mwanamke wa Kiafrika. Kuna uliofanywa baadaye Afrika Kusini kwa wanawake wa Kixhosa, na haukuona akiba hiyo kwa wengi wao. Tena wengi walilalamikia maumivu ya shingo. Na mzee, wale bibi wa milimani tunawapokea. Wanakuja wakiwa sabini na kitu, shingo haigeuki, vidole vinakufa ganzi. Wengi wao walinyamaza tu, hawakuzoea.

Kuhusu Alexander, kuna ushahidi wa maana. Mwaka 2008 lilichapishwa jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 579 wa mgongo sugu. Baada ya mwaka mmoja, waliopata huduma ya kawaida walikuwa na siku 21 za maumivu katika wiki 4. Waliofundishwa masomo 24 ya njia hiyo walikuwa na siku 3. Waliofundishwa masomo 6 tu na kuandikiwa kutembea kwa mazoezi nao walikwenda vizuri. Sasa mwalimu wa hiyo njia kwa Moshi utamtafuta sana, kwa hiyo watu wasikae kumsubiri. Wazo lenyewe la kusimama kabla ya tendo halihitaji ada.

Ninachoomba ni hiki: msije mkageuka askari wa gwaride. Mtu akisikia "kaa vizuri" anatoa kifua, anavuta tumbo, anakaza kiuno. Ameondoa mkazo mmoja ameweka mitatu. Mgongo una mikunjo yake ya asili. Na hakuna mkao mmoja mzuri wa kukaa kutwa. Mkao mzuri ni ule utakaoubadilisha baada ya muda.

#6 Mama wa Uru

Habari za jioni wanangu. Mimi nakata majani ya ng'ombe wawili kila siku, nabeba kichwani kutoka bondeni. Hiyo ya kutoa pumzi nimeijaribu leo. Ninachojua mimi ni ngata. Ngata ikiwa mbaya shingo inapigana na mzigo njia nzima, kwa sababu unauogopa utaanguka. Kunja kanga vizuri, iwe nene na duara, mzigo ukae utosini usiende mbele. Ukishaamini kwamba haudondoki, shingo inatulia yenyewe.

Kiuno lakini ndicho kinaniua. Wakati wa kukata, si wa kubeba.

#7 Mazoezi Tiba

Mama, shikamoo. Hilo la ngata wengi hawalijui. Mwili hauwezi kulegea chini ya kitu unachokiogopa.

Kwenye kukata: ukiinama muda mrefu kwa kiuno, magoti yamenyooka, misuli ya mgongo inashikilia kiwiliwili chote. Jaribu kuinamia kwenye nyonga, pale mguu unapoungana na mwili, siyo pale unapofungia kanga. Kalio liende nyuma, magoti yakunjike kidogo, mguu mmoja utangulie. Ukiweza, pumzisha kiwiko cha mkono unaoshika majani kwenye paja. Na kila ukimaliza fungu moja simama, weka viganja kiunoni, jinyooshe nyuma taratibu kidogo tu. Kupiga deki na kufua ni vilevile. Deki yenye mti mrefu na beseni lililopandishwa juu ya stuli vinaokoa viuno vingi kuliko dawa ya kuchua.

#8 Fundi Double Road

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa barazani toka saa mbili asubuhi mpaka jioni, cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Bega la kulia linapanda lenyewe, nikimaliza suti moja nasikia kama kuna msumari chini ya bega kwa nyuma. Mwongozaji anasema nilegeze. Nalegeza. Baada ya mshono mmoja limerudi juu. Hivi si kwamba tunaambiwa "jisikilize" kumbe kazi yenyewe ndiyo mbaya? Mwenye duka akisikia habari hizi atafurahi, hatanunua kiti.

#9 Mgumu wa Rau

Fundi una hoja, na ni hoja nzito. Ila jibu hili kwanza: bega linapanda wakati wote, au pale unapokaribia kona ya kola?

#10 Fundi Double Road

Kola, mfuko na zipu. Kwenye mishono mirefu iliyonyooka sioni shida sana. Umejuaje?

#11 Mgumu wa Rau

Kwa sababu mlimani watu wanabana palepale penye utelezi. Ukuta wa Barranco mtu anaukumbatia mwamba kwa mikono yote, ilhali miguu ndiyo inayompandisha. Mahali pa hofu ya kukosea ndipo mwili unapojishika. Hapo kwenye kola, kabla sindano haijaingia, toa mguu kwenye pedali, toa pumzi, kisha shona. Sekunde mbili.

#12 Mazoezi Tiba

Nakubaliana na mwongozaji nusu. Nusu nyingine namrudishia fundi. Meza ikiwa juu kuliko viwiko vyako ukiwa umekaa, bega litapanda tu, uwe mtulivu namna gani. Hakuna kuvuta pumzi kutakakoshusha meza. Pima hivi: kaa, acha mikono ining'inie, kunja viwiko. Kitambaa kiko usawa wa viwiko au chini kidogo? Kama kiko juu, pandisha stuli. Ukipandisha stuli miguu isiachwe kuning'inia, pedali bado uifikie bila kunyoosha kidole. Na mwanga: fundi anayeinamia sindano kwa sababu haoni, dawa yake ni taa au miwani.

Kuna watu kwenye fani yetu wanaogopa kusema hili, eti ni siasa. Kuishi na maumivu ya kazi kunaanzia kwenye vifaa na muda wa kupumzika. Kujisikiliza ni kwa kile kinachobaki.

#13 Mgumu wa Rau

Sawa, hapo umenishika. Hata sisi, mizani ya getini imesaidia shingo nyingi kuliko mawaidha yangu. Zamani mtu alikuwa anapakiwa tu.

#14 Boda wa Kiborloni

Wazee mimi ni mikono. Njia ya vumbi kupandisha juu huko, mawe tupu, nikifika vidole vimekufa ganzi. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ndiyo balaa, baridi na upepo. Nakaza usukani kwa sababu nina abiria, ikiyumba tumekwisha.

#15 Mazoezi Tiba

Vidole vipi? Kidole cha mwisho na jirani yake, au gumba na viwili vinavyofuata?

#16 Boda wa Kiborloni

Cha mwisho na jirani yake. Mkono wa kulia zaidi.

#17 Mazoezi Tiba

Huo ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko na kuingia kiganjani upande wa kidole kidogo. Unaminywa na mambo matatu: kuegemea kiganja kwenye mpini, kiwiko kilichokunjwa muda mrefu, na mtetemo wa pikipiki. Gumba na wenzake ungekuwa mshipa mwingine, ule wa katikati ya kifundo cha mkono.

Shika mpini kwa kiasi cha kutotoroka tu. Viwiko viwe na ulaini, vikinyooka kila jiwe linapanda hadi shingoni. Uzito wa mwili ukae kwenye kalio na miguu, bana tangi kidogo kwa magoti kwenye njia mbaya, mikono ibaki na kazi ya kuelekeza. Pikipiki ikiyumba kwenye kokoto, usukani uliokazwa sana ndio unaokataa kujirekebisha. Glovu zenye sponji, na ukisimama kusubiri abiria fungua na kufumba viganja. Ganzi isipoisha hata ukipumzika, au ukianza kuangusha vitu, usikae nyumbani, njoo upimwe.

#18 Mcha Mungu 77

Samahani kwa kuingilia. Hizi habari za kusikiliza pumzi na mwili si ndiyo ile yoga na kufungua milango ya mapepo? Mchungaji wetu alikataza.

#19 Binti Njoro

Jamani nimeosha vyombo nikiwa nimelegeza mabega, pepo pekee niliyeonana naye ni sufuria la makande lililoungua.

#20 Mgumu wa Rau

Mcha Mungu, swali lako ni la heshima na ni wengi wanaliuliza kimya kimya. Hapa hatuna maneno ya kukariri, hatuna sanamu, hatumwiti mtu. Unaosha sufuria na umegundua unalibana kuliko linavyohitaji. Madaktari wa kawaida wamelitumia hili muda mrefu. Edmund Jacobson wa Chicago, daktari, tangu miaka ya 1920 alikuwa anawafundisha wagonjwa kukaza msuli mmoja kisha kuuachia, ili wajue tofauti. Baadaye, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha programu hospitalini Massachusetts kwa watu wenye maumivu sugu, wanapitisha akili mwilini kuanzia vidole vya miguu hadi utosini. Huyo wa pili chimbuko lake lina mafundisho ya Kibudha, sikufichi, ila darasa lenyewe halina ibada. Kama dhamiri inakusumbua, chukua ya Jacobson.

#21 Mcha Mungu 77

Nimeelewa. Nitachukua ya kukaza na kuachia.

#22 Mwanachuo wa Ushirika

Mimi tatizo langu liko kinyume. Nikianza kujisikiliza, ndiyo nazidi. Nasikia moyo unadunda, nahisi sipumui vizuri, nakaza zaidi. Mitihani iko karibu, usiku nashika kalamu mpaka kidole kimepata sugu. Wengine wote humu wanafurahia, mimi najisikia mgonjwa.

#23 Mazoezi Tiba

Hujisikii hivyo peke yako. Kwa mtu mwenye hofu nyingi, kumpeleka ndani ya kifua chake ni kumpeleka kwenye kelele. Toka nje. Sikiliza vitu vinavyokugusa: kalio kwenye kiti, nyayo sakafuni, karatasi chini ya kiganja. Angalia mbali dirishani, kama kilele cha Kibo hakina mawingu leo kitazame. Macho yakitazama mbali, uso nao unalegea. Pumzi achana nayo kabisa, itajiendesha.

Na kalamu: kaza kwa makusudi kwa nguvu zako zote kwa muda wa kuhesabu tano, achia, andika. Utashangaa. Kama hofu inakunyima usingizi wiki hata wiki, ongea na mshauri wa chuo au daktari. Hiyo inatibika, lakini si kwa uzi.

#24 Mgumu wa Rau

Niongeze kwa mwanachuo na wengine: usijipe ulinzi wa saa nzima. Anayekagua mabega kutwa hafanyi kazi. Chagua tukio moja linalojirudia, liwe ndilo kumbukumbu yako. Kuweka ufunguo kwenye kitasa. Hiace inaposimama kituoni. Mimi ni kufunga kamba za buti. Tukio likipita, endelea na maisha.

#25 Mbio za Februari

Nyie mmenisahau sisi wakimbiaji. Pale mnapoacha lami ya mjini na kupandisha kuelekea Mweka, angalia watu: mabega masikioni, ngumi kama bondia. Kocha wetu anatuambia shika kama una kipande cha chipsi mkononi hutaki kivunjike. Nusu ya uchovu wangu wa kilomita 21 ulikuwa mikononi, na mikono haikimbii.

#26 Mzee wa Kihamba

Nauliza. Kijana wa saluni ya kunyoa huwa akimaliza ananikanda mabega, halafu ananyonga shingo, kaa! kulia, kaa! kushoto. Nasikia raha. Hiyo si ndiyo kulegeza kwenyewe?

#27 Mazoezi Tiba

Mzee, kukandwa mabega endelea, ni raha na hakuna neno. Kunyongwa shingo mkatalie, kwa upole tu, mwambie daktari amekukataza. Ndani ya pingili za shingo inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Mzungusho wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa mshipa huo na kuleta kiharusi. Haitokei kila siku, lakini ikitokea haina marudio. Ule mlio hauna maana kwamba kitu kimerudi mahali pake, ni viputo vya hewa ndani ya kiungo.

Na kwa kuwa tumefika huko, niweke hili kwa wote. Kujilegeza hakutibu kila kitu. Mgongo unaouma pamoja na miguu kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kushindwa kuzuilika, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Maumivu yenye homa, kupungua mwili bila sababu, au yanayokuamsha usiku kila siku, nenda hospitali. Mkiwa Moshi, KCMC na Mawenzi zote ni hospitali kubwa. Ukienda, eleza kazi yako kwa vitendo, onyesha unavyoinama na unavyobeba. Usiseme "mgongo" tu.

#28 Mzee wa Kihamba

Nimekusikia daktari. Nilikuwa nimepanga kwenda Jumamosi. Nitanyoa tu.

#29 Binti Njoro

Mwongozaji, mwezi ujao napanda na wenzangu wa kazini. Naambiwa kupanda ni mapafu, kushuka ni magoti. Nifanyeje?

#30 Mgumu wa Rau

Kushuka ndiko kunakoonyesha nani anajikaza. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi geti la Mweka lenye mita 1,640 hivi, unashuka zaidi ya mita 4,200 ndani ya siku mbili. Misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki huku inarefuka, na hiyo ndiyo kazi inayoacha maumivu makali siku ya pili yake. Hata mwenye mazoezi atayasikia.

Sasa mtu akiogopa kuteleza anaegemea nyuma, ananyoosha goti, anakanyaga kwa kisigino. Uzito wote unapiga kwenye goti lililofungwa, na kisigino kwenye kokoto ndicho kinachoteleza. Fanya kinyume chake ingawa moyo utakataa: magoti laini, hatua fupi fupi, mwili uje mbele kidogo juu ya miguu, ukanyage kwa unyayo wote. Fimbo zirefushe kidogo kuliko za kupandia, na usizing'ang'anie. Macho yatazame hatua tatu nne mbele, siyo vidole vyako.

Usiku wa kilele kuna jambo jingine. Baridi inafanya mtu ajikunyate, mabega yanafunika masikio, kifua kinafungwa, wakati huko juu kila pumzi ina thamani. Vaa vya kutosha ili usilazimike kujikunyata. Ukipanda, kila hatua mguu wa nyuma ukinyooka uachie uzito kwenye mfupa, paja lipumzike kidogo, halafu endelea. Ndiyo maana tunawaambia pole pole mpaka mnachoka kutusikia. Na kichwa kikiuma sana, ukatapika au ukayumba kama mlevi, usiniambie unajilegeza. Niambie, tushuke.

#31 Mazoezi Tiba

Nyongeza ndogo ili watu wasizidishe: siyo kila kukaza ni kubaya. Ukinyanyua mfuko wa saruji wa kilo 50, tumbo na mgongo lazima vikaze, na hata pumzi kuzuiwa kidogo kuna faida yake, ingawa mwenye shinikizo la damu aepuke. Tunachofukuza ni kukaza kwa kilo 50 wakati umeshika kijiko.

#32 Fundi Double Road

Narudi na ripoti. Stuli nimeongeza mbao mbili kwa chini, taa nimehamishia upande wa kushoto. Kola nasimama kwanza kama mwongozaji alivyosema. Msumari wa begani upo, ila siku hizi unachelewa, unakuja jioni badala ya saa sita. Mwenye duka ameona mbao, ameuliza za nini. Nimemwambia ni agizo la daktari. Ameniuliza kama daktari anaweza kumwandikia na yeye.

#33 Mazoezi Tiba

Mwambie apime viwiko kwanza.